Kichwa Kikae Wapi? Yai Lisilo na Mbele wala Nyuma

Yai la chura likitoka tu kwa mama yake halina mbele wala nyuma. Lina juu na chini, basi. Nusu ya juu ni kahawia iliyokolea, nusu ya chini ni nyeupe iliyojaa kiini, na kwa kuwa kiini ni kizito, upande huo ndio unaokaa chini majini. Upana wake ni milimita moja na kidogo. Ukilitazama kutoka juu na kulizungusha polepole, hutapata mahali pa kuweka kidole na kusema: hapa ndipo macho yatakapochomoza. Siku chache baadaye pana kiluwiluwi mwenye kichwa, mkia, mgongo, tumbo na utumbo uliojizungusha upande uleule anaojizungushia kiluwiluwi wa jirani.

Nani aliamua? Wasomi wa Ulaya wa karne ya 17 na 18 walikuwa na jibu jepesi. Wengi wao waliamini kwamba ndani ya yai, au ndani ya mbegu ya kiume, kuna kiumbe kamili aliyejikunja, na kazi yake ni kunenepa tu. Jibu hilo lilisukuma swali mbele, maana yule kiumbe wa ndani naye alipaswa kuwa na mwingine ndani yake, na huyo na mwingine, mpaka mwisho wa dunia.

Biolojia ya miaka 100 iliyopita imeleta jibu la ajabu zaidi. Hakuna ramani. Kuna seli zinazopelekeana ujumbe kwa protini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kunyamazishana. Mgongo na ubongo hujengwa pale ambapo amri fulani imezuiwa isifike. Vitabu vya biolojia nilivyosomea sekondari vilichora hatua za kiinitete moja baada ya nyingine, mpira, kikombe, mtaro, tukazikariri kwa ajili ya mtihani, bila mtu kutuuliza kwa nini kichwa kilikaa huku na si kule.

Bahati ya mbegu moja

Mbegu ya kiume huingia kwenye yai la chura popote katika ile nusu ya kahawia. Mahali penyewe ni bahati tu. Lakini ikishaingia, huanza jambo ambalo macho matupu hayalioni: tabaka la nje la yai huteleza juu ya ute ulio ndani, kama ganda la chungwa lililobanduka bila kupasuka likazungushwa juu ya nyama yake. Huteleza nyuzi 30 hivi, na kazi hiyo huisha kabla yai halijagawanyika mara ya kwanza, yaani ndani ya dakika 90 au zaidi kidogo. Upande ulio mkabala na pale mbegu ilipoingilia ndio unaokuwa mgongo.

John Gerhart na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilichokonoa jambo hili kwa ustadi katika miaka ya 1980. Walipomulika sehemu ya chini ya yai kwa mionzi ya urujuanimno, mteleziko haukutokea, na kilichopatikana kilikuwa donge la tumbo: ngozi, damu na utumbo, bila mgongo wala kichwa. Wakachukua mayai mengine yaliyomulikwa vilevile, wakayalaza ubavu kwa muda ili kiini kizito kiporomoke chenyewe. Wakatoka viluwiluwi wenye migongo na vichwa. Uvutano wa dunia ulikuwa umefanya kazi ya mteleziko. Mbegu ya kiume, basi, haikuja na maelekezo yoyote ya mbele na nyuma. Ilivunja usawa wa duara, na kitu kingine chenye uwezo wa kuuvunja kingetosha.

Kuku naye hutegemea uvutano huohuo. Yai likiwa bado tumboni mwake, linapowekewa ganda, huzungushwa kwa saa 20 hivi, kiasi cha mara 10 hadi 12 kila saa. Muda wote huo kile kibaka cheupe kilicho juu ya kiini, ambacho ndicho kitakachokuwa kifaranga, hukaa kimeinama, na ukingo wake ulioinuka ndio unaokuwa upande wa mkia. Matokeo ya mzunguko huo yaliandikwa tangu karne ya 19 na Karl Ernst von Baer: lilaze yai lenye mbegu, ncha yake butu ikielekea kushoto kwako, na mara nyingi kifaranga atakuwa amelala kukatisha yai, kichwa upande ulio mbali nawe. Mwenye mashine ya kutotolesha na mayai machache ya kienyeji ya kupoteza anaweza kupasua moja baada ya siku mbili tatu za joto akajionea mwenyewe.

Turudi kwa chura. Mteleziko ule husogeza hadi upande mmoja vifaa vya njia ya mawasiliano ambayo wanabiolojia huiita Wnt. Njia hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Kila seli hutengeneza protini iitwayo beta-katenini, na kila seli huiharibu karibu papo hapo. Kimeng'enya kiitwacho GSK3 huibandika alama ya kutupwa, nayo husagwa. Pale njia ya Wnt inapowashwa, kimeng'enya hicho hufungwa mikono, beta-katenini hujaa, huingia kwenye nuklia na kuamsha jeni za mgongo. Hakuna aliyetoa amri kwamba jeni hizo ziamke. Aliyekuwa akizuia kuamka kwake ndiye aliyezuiwa.

Ushahidi mmoja wa jambo hili umetoka kwenye kabati la dawa. Chumvi ya lithiamu, ileile inayotumika kutuliza maradhi ya hisia kupanda na kushuka, ikimwagwa kwenye maji yenye viinitete vya chura vya seli 32, hutoa viumbe ambao ni kichwa kuzunguka pande zote, bila kiwiliwili cha maana. Mwaka 1996 Peter Klein na Douglas Melton walionyesha sababu: lithiamu huibana GSK3. Kila upande wa kiinitete ukajiona kuwa ni mgongo. (Anayetumia dawa hiyo na ana mimba au anaitarajia amwone daktari wake, asiache wala asiendelee kwa kusoma gazeti.) Kabla ya hapo, mwaka 1989, Andrew McMahon na Randall Moon walikuwa wamechoma kwa sindano ujumbe wa jeni ya Wnt kwenye kiinitete cha chura. Walipata viluwiluwi wenye vichwa viwili.

Msichana wa Freiburg

Vichwa viwili vilikuwa vimeonekana zamani zaidi, na hapo ndipo hadithi hii inapopata mtu ambaye jina lake halitajwi vya kutosha.

Hilde Proescholdt alizaliwa Gotha, Ujerumani, mwaka 1898. Alipofika Freiburg kusomea udaktari wa falsafa, msimamizi wake alikuwa Hans Spemann, mtu mwenye mikono mitulivu kupita kiasi. Spemann alikuwa amekwisha kujulikana kwa kufunga mayai ya salamanda kwa unywele laini wa mtoto mchanga, akiubana taratibu mpaka yai ligawanyike pande mbili. Akilifunga kwa kupita katikati ya mgongo unaotarajiwa, alipata mapacha. Akilifunga kwa namna ya kuutenga mgongo upande mmoja, alipata salamanda mmoja mdogo aliyekamilika, na upande wa pili donge la tumbo. Maana yake ni kwamba upande wa mgongo ulikuwa na kitu ambacho upande wa tumbo haukuwa nacho.

Kazi aliyopewa Hilde ilikuwa kuhamisha kipande cha kitu hicho. Alitumia salamanda wa aina mbili, mmoja mwenye seli zilizopauka na mwingine mwenye seli zenye rangi, ili ajue baadaye seli ipi imetoka wapi. Kiinitete kinapofikia hatua ya kujikunja ndani, huwa na tundu dogo ambalo seli huingilia, na ukingo wa juu wa tundu hilo ndio upande wa mgongo. Hilde alikata ukingo huo kutoka kwa salamanda aliyepauka, kipande kidogo kisichofikia hata nusu milimita, akakipandikiza upande wa tumbo wa yule mwenye rangi. Vifaa vyake vilikuwa sindano za kioo alizozivuta kwenye moto, kitanzi cha unywele na hadubini. Dawa za kuua bakteria hazikuwapo. Mayai ya salamanda hupatikana majira ya kuchipua tu, kwa hiyo kilichoharibika kilisubiri mwaka mwingine. Alifanya upandikizaji mara mamia, na viinitete vilivyoishi hadi kuonyesha kitu cha maana vilihesabika kwa vidole.

Vichache hivyo vilitosha. Tumboni mwa kiinitete kiliota kiinitete cha pili, chenye mgongo wake na mwanzo wa ubongo wake, wamebandana kama mapacha walioungana. Hapo rangi za seli zikatoa ushahidi. Kama kipande kilichopandikizwa kingekuwa kimekua chenyewe, pacha yule angekuwa amepauka mwili mzima. Haikuwa hivyo. Kamba ya katikati ya mgongo ilikuwa na seli nyingi zilizopauka, lakini bomba la neva lililolala juu yake lilijengwa kwa sehemu kubwa na seli zenye rangi, seli za mwenyeji, ambazo zingeachwa zingekuwa ngozi ya tumbo. Kipande kigeni kilikuwa kimewageuza majirani. Spemann alikiita mratibu.

Andiko lao lilitoka mwaka 1924, na jina la Spemann likatangulia. Hilde, ambaye wakati huo alikuwa ameolewa na mwanabiolojia Otto Mangold na ana mtoto mchanga, alifariki Septemba mwaka huohuo kwa majeraha ya moto baada ya jiko kulipuka. Alikuwa na umri wa miaka 25. Tuzo ya Nobel ilitolewa mwaka 1935, kwa Spemann peke yake, na kwa kuwa tuzo hiyo hawapewi marehemu, suala la Hilde halikuwa hata na mahali pa kuzungumziwa. Mimi husema bila haya kwamba mikono iliyofanya kazi ile ilikuwa yake.

Miaka 60 ya kutafuta kisichosemwa

Kila mtu sasa alitaka kujua mratibu anasema nini. Palidhaniwa kuna kimiminika kimoja chenye amri: kuwa neva! Mwaka 1932 ilionekana kwamba hata mratibu aliyeuawa kwa kuchemshwa bado anafanya kazi. Watu wakafurahi, maana kitu kinachostahimili kuchemshwa kinaweza kuchujwa na kutajwa jina. Furaha hiyo ikaja kuwa balaa. Vipande vya viungo vya wanyama wengine vilivyokufa navyo viligeuza ngozi kuwa neva. Cambridge, Conrad Waddington na Joseph Needham wakaona hata rangi ya bluu ya methilini, ambayo haimo kabisa mwilini mwa salamanda, inaweza kufanya hivyo. Karibu kila kitu kilikuwa ufunguo wa mlango huu. Watafiti wengi wakauacha, na kwa miongo kadhaa somo hili lilikuwa kaburi la vijana wenye vipaji.

Kilicholifufua kwa sehemu fulani ni kipimo cha mimba. Katika miaka ya 1930 iligunduliwa Afrika Kusini kwamba chura wa majini mwenye makucha, Xenopus laevis, jike, akichomwa mkojo wa mwanamke mjamzito hutaga mayai kabla siku haijaisha. Vyura hao wakasafirishwa kwa maelfu kwenda hospitali za Ulaya na Marekani, na vipimo vya kisasa vilipokuja, vyura walibaki kwenye maabara. Sasa mtafiti hakusubiri majira ya kuchipua. Sindano moja ya homoni jioni, mayai mamia asubuhi. Hata ndugu yake wa Kenya alipata kazi: Xenopus borealis, aliyeelezwa kisayansi kutoka Marsabit mwaka 1936, ana nuklia zinazoonyesha madoa yanayong'aa zikitiwa rangi maalumu, na katika miaka ya 1980 seli zake zilichanganywa na za laevis kwa ajili ileile iliyomfanya Hilde achague salamanda wa rangi mbili.

Dalili ya kwanza ya jibu ilikuja mwaka 1989, na ilikuwa rahisi kiasi cha kuudhi. Maabara tofauti zilichukua seli za kofia ya juu ya kiinitete cha chura, zile ambazo kwa kawaida huwa ngozi, zikazitenganisha moja moja majini na kuziacha hivyo kwa saa kadhaa. Hakukuwa na mratibu, wala dondoo, wala dawa. Seli zilizoachwa peke yake zikawa neva. Zilizokaa pamoja zikawa ngozi.

Msomaji asipite haraka hapo. Kwa miaka 60 watu walitafuta ujumbe unaosema "kuwa neva", na kumbe neva ndiyo njia ambayo seli hizo huifuata zisipoambiwa lolote. Ujumbe uliopo ni wa kuwa ngozi, nazo hupeana zenyewe kwa zenyewe. Ujumbe huo hubebwa na protini za jamii ya BMP, zilizopewa jina hilo kwa sababu Marshall Urist, daktari wa mifupa, alionyesha mwaka 1965 kwamba kitu fulani kilichomo kwenye mfupa kinaweza kuotesha mfupa mpya ndani ya msuli. Kwenye kiinitete BMP hupigwa karibu kila mahali: kuwa ngozi, kuwa tumbo, kuwa damu.

Mratibu kazi yake ni kuizuia. Mwaka 1992 William Smith na Richard Harland walipata protini waliyoiita noggin. Mwaka 1994 Yoshiki Sasai, katika maabara ya Eddy De Robertis kule Los Angeles, akapata chordin. Zote mbili humwagwa na seli za mratibu, na mwaka 1996 ikathibitika kwamba zote huishika BMP nje ya seli, kabla haijafika kwenye kipokezi. Hazina amri yoyote zinayopeleka kwa jirani. Zinakamata barua njiani. Karibu na mratibu barua haziingii kabisa, na hapo hupatikana mgongo na neva. Mbali kidogo huingia chache. Mbali zaidi huingia zote, na hapo ni tumbo. Mwaka 2005 kikundi cha Harland kiliziondoa kwa pamoja noggin, chordin na mwenzao wa tatu, follistatin, na mgongo na neva havikujengwa.

Kichwa chenyewe kinadai zaidi. Kuzuia BMP peke yake upande wa tumbo hutoa mgongo wa pili usio na kichwa. Mwaka 1997 na 1998 kikundi cha Christof Niehrs kule Heidelberg kilionyesha kwamba kichwa kamili cha pili hutokea BMP na Wnt zikizuiwa kwa pamoja, na kikapata protini ya mratibu inayoizuia Wnt, wakaipa jina Dickkopf. Msomaji makini atauliza: si Wnt ndiyo iliyouanzisha mgongo? Ndiyo, saa chache kabla. Njia ileile ikiwashwa mapema huanzisha mratibu. Ikiwashwa baadaye hutengeneza sehemu za nyuma na mkia. Seli hazisomi tu nani amesema, husoma pia amesema saa ngapi.

Kamba aliyelala kifudifudi

Anayesafisha kamba wa kupika Mombasa au Bagamoyo hupasua mgongo wake kwa ncha ya kisu na kuvuta uzi mweusi. Uzi huo ni utumbo. Neva yake kuu iko upande wa pili kabisa, tumboni, katikati ya miguu. Kwetu sisi, kwa samaki na kwa kuku, neva kuu iko mgongoni na utumbo uko mbele yake. Étienne Geoffroy Saint-Hilaire, Mfaransa, aliliona hilo kwa kambakoche mwaka 1822, akatangaza kwamba mwili wa kamba na mwili wa mnyama mwenye uti wa mgongo ni mpango mmoja uliopinduliwa. Georges Cuvier, mkubwa wa sayansi Paris wakati huo, aliyapinga mawazo ya aina hiyo hadharani, na kwa zaidi ya karne nzima Geoffroy alihesabiwa kuwa mtu wa njozi.

Miaka ya 1990 ilimrudishia heshima. Nzi mdogo wa matunda ana ndugu wa BMP, iitwayo Dpp, na ndugu wa chordin, iitwayo Sog. Kwa nzi, Dpp iko mgongoni na Sog tumboni, ndiyo maana neva zake ziko tumboni. Ujumbe wa Sog ya nzi ukichomwa kwenye kiinitete cha chura, hujenga mgongo. Ule wa chordin ya chura ukiwekwa kwa nzi, hujenga tumbo. Popote BMP inapozuiwa pana neva. Kipi tukiite mgongo na kipi tumbo ni suala la mnyama analalia upande gani. Ni nadharia chache za karne ya 19 zilizowahi kuchekwa ambazo zimelipwa kwa ukamilifu kiasi hiki.

Kuhusu mbele na nyuma, nzi ana utaratibu wake: mama huweka ujumbe wa jeni iitwayo bicoid kwenye ncha moja ya yai kabla halijatagwa, na ncha hiyo huwa kichwa. Kazi ya Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus kuhusu jeni hizi za nzi iliwapa Nobel mwaka 1995, pamoja na Edward Lewis. Ni kazi kubwa, na inastahili makala yake peke yake.

Kushoto na kulia

Mbele na nyuma zikishajulikana, juu na chini zikishajulikana, bado kuna swali gumu. Kushoto na kulia vinafanana kabisa, hakuna mvuto wala kiini kizito cha kuvitofautisha, na bado moyo hukaa kushoto na ini kulia kwa karibu kila mtu.

Jibu lilianzia kwa wagonjwa. Mwaka 1933 daktari wa Uswisi, Manes Kartagener, alieleza watu wenye mambo matatu kwa pamoja: mapafu yenye mirija iliyotanuka na kohozi lisiloisha, maradhi ya mianzi ya pua, na viungo vya ndani vilivyogeuka, moyo kulia, ini kushoto. Mwaka 1976 Björn Afzelius wa Sweden aligundua kwamba silia za watu hao, vile vijinywele vya seli vinavyosukuma kohozi nje ya mapafu, hazipigi. Mikia ya mbegu za kiume nayo haipigi. Kifua na uzazi vilieleweka mara moja. Lakini moyo kuhamia kulia unahusiana nini na vijinywele?

Kitendawili kilidumu hadi 1998, kikateguliwa Tokyo kwenye maabara ya Nobutaka Hirokawa. Kiinitete cha panya, wiki moja na ushei tu baada ya kutungwa, kina kishimo kidogo ambacho seli zake zina silia moja moja. Silia hizo huzunguka zote kwa mwelekeo mmoja, na kwa kuwa zimeinama kidogo kuelekea mkiani, mzunguko huo husukuma maji ya kishimo kwenda kushoto. Mkondo huo mdogo mno huamsha upande wa kushoto njia ya ujumbe iitwayo Nodal, na upande wa kulia hubaki kimya. Hapa napo mzuiaji hakosekani: protini iitwayo Lefty hukaa katikati ya mwili ili Nodal isivuke mpaka. Mwaka 2002 Shigenori Nonaka na wenzake waliweka viinitete vya panya kwenye pampu ndogo na kuusukuma mkondo kwenda kulia. Mpangilio wa viungo ukageuka.

Silia zikifa, mkondo haupo na kiinitete hurusha shilingi. Ndiyo maana karibu nusu tu ya watu waliozaliwa na silia zisizofanya kazi viungo vyao vimegeuka. Nusu nyingine viko mahali pake. Mtu wa namna hiyo katika nchi zetu anaweza kukohoa miaka nenda rudi na kudhaniwa ana kifua kikuu, na picha yake ya eksirei ikatoka na moyo kulia, mpiga picha akadhani ameigeuza filamu. Kikohozi kisichokoma tangu utotoni na moyo ulio kulia vikikutana kwa mtu mmoja, daktari azifikirie silia.

Konokono wana mkato wao. Shika gamba la konokono, ncha juu, mdomo ukikutazama. Konokono mkubwa wa mashambani, anayekula mboga zetu, mdomo wake uko kulia. Bulinus, konokono mdogo wa majini anayebeba kichocho cha mkojo, mdomo wake uko kushoto, na wanaopima madimbwi hutumia alama hiyo kumtambua. Mwaka 2009 Cristina Grande na Nipam Patel walionyesha kwamba konokono wa baharini anayejisokota kulia huwasha Nodal upande wa kulia, na Biomphalaria, mbeba kichocho cha tumbo ambaye husokotea kushoto, huiwasha kushoto. Walipoizuia Nodal kwa kemikali, baadhi ya Biomphalaria waliota gamba lisilojisokota kabisa, limenyooka kama kipande cha bomba.

Donge linalojipanga

Sasa watafiti hawahitaji hata yai. Mwaka 2014 maabara ya Alfonso Martinez Arias kule Cambridge ilichukua seli shina za panya, mamia machache tu, ikaziacha zijikusanye kuwa donge, kisha ikazipa kwa siku moja kemikali inayoibana GSK3, kimeng'enya kilekile kinachobanwa na lithiamu. Donge lilirefuka. Upande mmoja ukawa nyuma, upande mwingine mbele, bila mbegu ya kiume, bila tumbo la uzazi, bila mteleziko wala mvuto. Mwaka 2020 Naomi Moris na wenzake wakafanya hivyo kwa seli shina za binadamu. Ndani ya saa 72 madonge yao yalikuwa na mpangilio wa jeni unaokaribiana na kiinitete cha binadamu cha wiki ya tatu.

Hayakuwa na ubongo. Kwa muda hilo lilionekana faraja ya kimaadili: kitu kisicho na kichwa hakiwezi kuitwa mtu, na kanuni ya nchi nyingi ya kutokukuza kiinitete cha binadamu kupita siku 14 haikuonekana kukigusa. Lakini aliyefuatilia habari za Wnt tangu mwanzo anajua kichwa kilipotelea wapi. Kemikali ile iliiwasha Wnt donge zima, na mahali Wnt inapowaka kwa nguvu wakati huo ubongo haujengwi. Mwaka 2021 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walikuza madonge ya seli za panya bila kuyapa kemikali hiyo. Tishu za mbele za neva, zile zinazotangulia ubongo, zikatokea.